Majina Asiyoyauliza Karani



Juma hili nataka tuzungumze habari za kitabu cha hadithi. Najua wako miongoni mwenu watakaosema kwamba hadithi za mazingaombwe ni za watoto, hazimfai mtu mwenye shamba, mifugo au kazi ya ofisini. Nawaomba mstahimili hadi mwisho, ndipo mhukumu.

Kitabu chenyewe chaitwa Akata Witch. Kilitungwa na Bi. Nnedi Okorafor, mzaliwa wa Marekani ambaye wazazi wake ni Waigbo wa Nijeria, nacho kilichapishwa mwaka 2011. Chasimulia habari za msichana wa miaka 12, jina lake Sunny, aliyezaliwa New York kisha akahamia mji wa Aba pamoja na wazazi wake. Sunny ana ualbino. Jua humwunguza, hata kandanda hucheza usiku. Wenzake shuleni humcheka na kumwona mgeni. Baadaye agundua kwamba ana nguvu za siri, tena hakuzipata hewani: ni urithi wa nyanya yake mzaa mama, ambaye habari zake nyumbani hazizungumzwi.

Kwetu hapa Liboi hadithi hii ina uzito wake. Mtoto wa Kisomali hufundishwa tangu utotoni kutaja baba, babu na baba wa babu, kizazi baada ya kizazi, bila kusita. Desturi hiyo huitwa abtirsi, nayo ni njema, kwa maana mtu akifika kisimani penye wageni hutaja nasaba yake na mara hupata ndugu. Lakini hutajwa wanaume tu. Nyanya yake Sunny asingetajwa hata mara moja. Na je, mtoto asiye na majina ya kutaja afanyeje?

Watoto wa namna hiyo walipita mpaka huu. Serikali ya Siad Barre ilipoanguka Januari 1991, maelfu ya watu walikimbilia Kenya. Miongoni mwao walikuwamo wakulima wa bonde la mto Juba, ambao mababu zao waliuzwa utumwani katika karne ya 19, wengi wakipakiwa majahazini kutoka pwani ya Tanzania ya leo. Wazigua walikuwamo. Walitoroka mabwana zao, wakafyeka msitu kando ya mto, wakalima. Baadhi ya wakulima wa bonde lile walijiunga na koo za Kisomali ili wapate ulinzi, na watoto wao wakakua wakitaja mababu wa kuazima. Lakini Wazigua wengi waliishika lugha yao kwa zaidi ya miaka 150. Na kwa mila yao ya kale, ukoo hufuata upande wa mama.

Kutoka kambi za Dadaab, watu wapatao 12,000 wa jamii hizo za Juba walikubaliwa kuhamia Marekani, na safari zikaanza 2003. Wengine walifika Tanzania, wakapewa makao Chogo, wilayani Handeni. Huko walipofungua vinywa, wenyeji waliwaelewa! Siri ya nasaba yao ilikuwa ndani ya maneno ambayo mama aliyasema jikoni na mtoto akayasikia. Wahenga walinena kwamba mwacha asili ni mtumwa. Hawa walifanywa watumwa, wala asili hawakuiacha.

Mimi ni karani, na kazi yangu ni kuandika majina ya watu. Jumapili iliyopita nilichukua daftari nikaandika majina yangu mwenyewe. Upande wa baba nilipata saba. Upande wa mama nilipata mawili, kalamu ikasimama. Niliona haya, maana kwa miaka mingi nimekuwa nikiwauliza wengine, na mama yangu sikumwuliza kamwe.

Basi, yatupasa mambo mawili. Kwanza, tusimcheke mtoto asiyejua nasaba yake, kwani huenda ilifichwa na watu waliowadhulumu wazee wake. Pili, tuwaulize mama na nyanya zetu, tuandike watakayosema. Barua yangu kwa mama imekwisha kwenda. Nanyi msikawie, wasomaji wangu, wazee hawatungoji.