Meseji Si Pesa: Vile Wakora Wanaosha Wasee wa Thika na Ruiru na M-Pesa Feki

Cheki hii picha. Ni saa moja jioni, umekaa kwa duka la matha pale Makongeni, mvua inatishia, watu wametoka job na kila msee anataka kuhudumiwa wa kwanza. Jamaa mmoja msafi anachukua unga, mafuta na sukari. Jumla ni thao moja na mia mbili. Anabonyeza simu, anakuonyesha meseji kwa skrini yake: jina la duka liko, pesa iko, saa iko. Unamwambia asante, anaishia. Saa tatu ukifunga hesabu, hakuna kitu iliingia kwa tili.

Usijiite fala. M-Pesa ilianza Machi 2007, na hii miaka yote tumezoea kwamba simu ikilia, pesa imeingia. Mkora hahitaji PIN yako. Anatumia tu hiyo mazoea yako, haswa ukiwa na haraka. Meseji ni maandishi, na maandishi mtu yeyote anaweza kuandika.

Kwa hivyo sheria ya kwanza kwa mwenye biashara: skrini ya mteja haikuhusu. Awe amekuonyesha meseji ama skrinishoti, ngoja yako iingie kwa simu ya duka. Mteja wa ukweli atangoja. Mwenye anakusukuma na kelele za "nimechelewa mat ya Ruiru" ndio wa kuangaliwa vizuri.

Sasa kuna ile inakuja kwa simu yako mwenyewe. Ya ukweli huingia kwa jina MPESA, pale pale penye meseji zako za zamani ziko. Feki mara mingi hutoka kwa namba ya kawaida ya 07 ama 01, ama kwa jina limefanana tu, limeongezwa kistari ama herufi. Lakini kitu inawashika zaidi ni balansi. Meseji ya ukweli hukuambia umebaki na ngapi, na mkora hajui ulikuwa na ngapi. Kama asubuhi ulikuwa na soo mbili na umetumiwa thao tatu, lazima isome 3,200. Ikikosa hapo, ama isomeke figa ya ajabu, hiyo ni hewa. Na hata ikisoma poa, usiiamini peke yake. Piga *334# ama fungua app, uangalie balansi mwenyewe. Hiyo ni dakika moja tu.

Baada ya hiyo meseji, simu inalia. "Buda, nimekutumia doo kimakosa, mtoto ako hosi, tafadhali rudisha." Mtaani watu hucheka wakisema hiyo ni simu ya Kamiti, juu jela iko hapo tu upande wa Kahawa West. Lakini mwenye anapiga anaweza kuwa mahali popote, hata ploti ya jirani. Anachezea roho yako safi. Ukituma, unatuma pesa yako, juu yake haikuwahi ingia.

Kuna wajanja zaidi wanatuma pesa ya ukweli. Unarudisha kwa huruma, kumbe wao pia wameomba muamala wao ugeuzwe. Unatolewa mara mbili. Dawa ni moja: usitume kitu. Mwambie aforwadie ile meseji yake kwa 456, Safaricom washughulikie. Kama alikosea kweli, hiyo ndio njia yake, na wewe hujamdhulumu.

Za benki ni hivyo hivyo. Meseji inasema akaunti yako imefungwa, bonyeza linki, weka PIN. Benki haikuulizi PIN kwa meseji wala kwa simu. Fungua app yako mwenyewe ama ingia tawi. Na mtu akisema ni Safaricom, cheki namba: wao hupiga kutoka 0722 000 000. Zingine zote, kata.

Ukipata meseji ya wakora, iforwadie 333, ni bure. Sheria ya uhalifu wa mitandao ya 2018 iko na inapeleka watu jela, lakini kesi haijazi rafu kesho asubuhi. Kwa duka ya mtaa, thao moja na mia mbili ndio stoki ya kesho, na faida ya pakiti moja ya unga ni shilingi kidogo sana. Hesabu ni pakiti ngapi lazima matha auze ndio hiyo doo irudi.

Wewe uko na simu smati na umesoma hii. Matha yako kwa duka, na yule msee wa boda wa stage yenu, labda hawajasoma. Leo jioni kaa na wao dakika tano, uwaonyeshe vile balansi inasomwa.