Tubakie na Windows ao tuhame?



Tarehe 14 mwezi wa kumi 2025 Microsoft iliacha msaada wa kawaida wa Windows 10. Ordinatere nyingi za zamani haziwezi kupokea Windows 11. Basi wengine wanasema: tuweke Linux, ni ya bure. Kuko Ubuntu, iliyotoka 2004. Hata jina lake ni ndugu ya «omundu» ya Kinande!

Mimi nakubali, lakini siyo bei inayotuzuia. Nani kati yetu alilipa Windows yake? Tunaishikilia sababu ikikwama, jirani anajua kuitengeneza. Linux ikikwama usiku kabla ya mtihani, tutaita nani?

Kwanza wanafunzi wawili wajifunze, ku mashine moja tu, mpaka Pasaka. Zingine zibakie vile ziko.