Demani si ya Kufungwa

Wapo wanaolicheka tanga la viroba lililoshonwa kwa mkono kule Nkome, Geita. Mimi simcheki mshonaji. Ninaowagombeza ni vijana wanaofunga demani, kamba ya kulizuia tanga, kwenye ubao wa kukalia ili wapumzishe mkono wakishindana kurudi pwani. Upepo wa ghafla wa Ziwa Victoria haungoji mtu afungue fundo! Ngalawa ya Unguja ina matengo mawili ya kuizuia isipinduke. Mtumbwi wetu hauna hata moja.

Mwanachuo wangu mmoja, mtoto wa mvuvi, alichonga kapi la mti la kutia kileleni mwa mlingoti, tanga lishuke mara moja. Nami, mkuu wa chuo huku Shinyanga, nikamwambia aache mchezo, akasome fizikia. Fizikia ipi, jamani, kama si hiyo?