Aliua, akafungwa, akasoma: chuo kimpokee? (Sehemu ya 6)

Mama zangu, leo tunaacha kidogo chanjo na uji wa lishe. Mtanivumilia.

Kuna mwanamke huko Marekani anaitwa Michelle Jones. Alihukumiwa miaka 50 jela, jimbo la Indiana, kwa mauaji ya mwanawe wa miaka 4. Najua hapo wengine mmeshataka kufunga simu. Mimi pia ni mama, na wodini nimewahi kumfunika mtoto shuka usoni. Subirini kwanza.

Akiwa ndani alisoma hadi digrii. Kisha yeye na wafungwa wenzake wakaanza kutafiti historia ya gereza lao wenyewe, lililofunguliwa 1873. Intaneti hawana, wanasoma nakala za kumbukumbu wanazoletewa. Wakashangaa: mbona kwenye daftari za mwanzo hakuna wanawake waliofungwa kwa ukahaba? Walipelekwa wapi? Wakafuatilia, wakakuta walikuwa wanafungiwa kwenye nyumba iliyoendeshwa na masista. Swali kama hilo linamjia haraka mtu aliyelala gerezani miaka 20, jamani.

Akatoka 2017, umri 45. Idara ya historia ya Harvard ilimkubali kusomea udaktari wa falsafa, wakubwa wa chuo wakabatilisha. Chuo Kikuu cha New York kikampokea.

Mimi nasema New York walifanya sawa. Siyo kwamba kosa limefutika, yule mtoto harudi. Ila hukumu ilishatolewa na mahakama, akaitumikia mpaka alipoachiwa. Chuo kimpime kwa kazi yake. Na huyu mama anatetea wafungwa wanawake wanaotoka wapate pa kuishi. Tukimfungia mlango, tunamnyima nani?

Kinachoniuma zaidi kama nesi ni kilichotangulia. Mimba aliipata akiwa na miaka 14, kwa tendo ambalo hakuliridhia, na mama yake mzazi akampiga. Binti kama huyo akija kliniki tunampima damu, tunampa vidonge vya kuongeza damu, basi. Na nyie kwenye benchi mnamnong'ona, eti kaharakia dunia. Nani anamuuliza usiku analala kwa nani?

Ukimkuta kliniki, sogea ukae naye. Muulize kala nini, anarudi kwa nani. Akikwambia anapigwa, usimwachie aende peke yake: mtafute nesi wa zamu, au mpeleke dawati la jinsia na watoto pale polisi. Sehemu ya 7 nitaeleza huko mnaanzia wapi.