Ndovu wa Ishasha ni wa Nani?

Juma la tatu la muhula huu palikuwa na mdahalo katika ukumbi wetu. Neno lililobishaniwa lilikuwa hili: "Kila nchi iwazuie wanyama wake wasivuke mpaka." Mimi nilisimama upande wa kupinga, na tulishindwa. Makofi mengi alipigiwa ndugu mmoja wa kidato cha tano aliyesema kwamba ndovu anayekula majani ya Uganda ni mali ya Uganda, na akivuka kwenda Kongo ni kama ng'ombe aliyeibwa usiku. Kengele ililia kabla sijapata nafasi ya kumjibu. Basi namjibu hapa, kwa hisani ya Mhariri.

Nianze na mahali penyewe, maana wengi waliopiga kura hawajapaona. Mto Ishasha ndio mpaka wetu na Kongo kabla haujaingia katika Ziwa Edward. Ng'ambo hii ni Mbuga ya Queen Elizabeth, iliyoanzishwa mwaka 1952. Ng'ambo ya pili ni Mbuga ya Virunga, ambayo Wabelgiji waliianzisha mwaka 1925, nayo ni kongwe kuliko mbuga zote za taifa katika Afrika. Mtu akisimama ukingoni aona maji, nyasi na miti. Mpaka haonyeshwi ila kwenye ramani, na ndovu hana ramani.

Miaka ya 1970 ilikuwa mibaya kwetu. Bunduki zilikuwa nyingi na pembe zilikuwa na bei, hata kufika mwaka 1980 ndovu waliobaki katika Queen Elizabeth walikuwa kiasi cha 150 tu. Baadaye wakaongezeka, lakini si kwa kuzaana peke yake. Wengine walitoka Kongo, wakikimbia bunduki za huko kama walivyokuwa wamekimbia za hapa. Kisha mwaka 2020 kundi kubwa likavuka kurudi Virunga. Walinzi wa kule, ambao walikuwa wamebakiwa na ndovu wasiofika 120, walihesabu kiasi cha 580. Wakafurahi sana, na ilikuwa haki yao kufurahi.

Sasa namwuliza ndugu yangu wa kidato cha tano: nani alimwibia nani? Ikiwa Uganda itahesabu peke yake mwaka ule, itasema ndovu wamekufa. Ikiwa Kongo itahesabu peke yake, itasema ndovu wamezaa kama panya. Wote wawili watakuwa wamehesabu vizuri, na wote wawili watakuwa wamekosea. Hesabu ya namna hii haina faida mpaka ifanywe pande zote mbili kwa siku moja, na karatasi ziwekwe juu ya meza moja.

Tena kuna jambo ambalo halikutajwa hata kidogo katika mdahalo. Tangu Virunga ianzishwe, walinzi zaidi ya 200 wameuawa kazini. Mwezi wa Aprili mwaka 2020 waliuawa 12 kwa siku moja. Mwaka ule ule ndovu waliotoka kwetu walikwenda kula nyasi zilizolindwa na wenzao wa marehemu hao. Nionavyo mimi, nchi ambayo wanyama wake hulindwa kwa damu ya jirani haina ruhusa ya kumwita jirani huyo mwizi.

Haya si ya ndovu peke yao. Mwalimu wetu wa elimu ya viumbe alitueleza habari za korongo mweupe aliyepatikana Ujerumani mwaka 1822, mkuki wa Kiafrika umempita shingoni, naye yu hai bado akiruka! Mpaka wakati ule wataalamu wa Ulaya walikuwa wakibishana korongo huenda wapi wakati wa baridi, hata wengine walidhani hujificha chini ya maji. Mkuki ule uliwajibu. (Nimefikiri mara nyingi juu ya yule mtu aliyeurusha, aliyerudi nyumbani bila mkuki na bila kitoweo, asijue kwamba amewafundisha maprofesa.) Kwa ajili ya wanyama wa namna hii, wanaolelewa na nchi zaidi ya moja, mkataba wa mataifa mengi ulitiwa sahihi katika mji wa Bonn mwaka 1979. Ndovu wa Afrika wamo katika mkataba huo. Kongo iliingia mwaka 1990 na Uganda mwaka 2000. Tena mwaka 2015 Uganda, Rwanda na Kongo zilitia sahihi mkataba wao wenyewe juu ya mbuga za Virunga na jirani zake, na ofisi yao iko Kigali. Kwa hiyo wakubwa wamekwisha kukubaliana. Ninalolalamikia ni kwamba mapatano yao hayajafika shambani kwa mjomba wangu.

Mjomba wangu analima mahindi na muhogo karibu na Ishasha. Mwaka jana, mahindi yakiwa yamekaribia kukauka, ndovu waliingia usiku. Asubuhi hapakuwa na shamba, palikuwa na mavi ya ndovu na mabua yaliyolala. Mjomba akavaa koti lake la kanisani, akapanda pikipiki akaenda kushitaki katika ofisi moja. Karani akamwuliza ndovu walitoka upande gani. Mjomba, ambaye hajui kusema uongo, akajibu kwamba nyayo zilitoka mtoni. "Basi," karani akasema, "hao ni ndovu wa Kongo." Akafunga daftari.

Nasema kweli, maneno ya karani yule na maneno ya ndugu yangu wa mdahalo ni mamoja. Mtalii akija na kamera, ndovu ni wa Uganda. Mahindi yakiliwa, ndovu ni wa Kongo. Sheria yetu husema asilimia 20 ya fedha za kiingilio cha mbuga iwarudie watu wa jirani, na sheria ya mwaka 2019 imeweka fidia kwa aliyedhuriwa na mnyama. Hizo ni sheria njema. Lakini ndovu aliyelala Kongo akala Uganda, atalipiwa na nani? Ningependa nchi hizi tatu ziweke mfuko mmoja wa fidia, ili mkulima aulizwe amepoteza nini, asiulizwe nyayo zilitoka wapi.

Wengine husema tujenge uzio wa umeme mto wote, yaishe. Uzio mbele ya mashamba nauunga mkono, hata kesho. Uzio kati ya mbuga na mbuga ni jambo lingine kabisa. Siku bunduki zitakapolia upande mmoja, na zimekwisha kulia pande zote mbili, ndovu watakimbilia wapi?

Tangu mwaka 2022 Kongo imo pamoja nasi katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Askari wa wanyama wa kwetu amesomeshwa kwa Kiingereza, mwenzake kwa Kifaransa. Wakikutana mtoni, Kiswahili chaweza kuwapatanisha upesi kuliko mkalimani. Ndiyo sababu nimeandika katika kurasa hizi, ambazo wenzangu wengine huziruka.

Nanyi kaka zetu mliosoma hapa zamani, baadhi yenu mna viti katika ofisi kubwa. Siombi mtuandikie mkataba mpya. Naomba mmoja wenu awaulize makarani wa mpakani wanaandika nini katika daftari zao.

Mtoto wa mjomba, mwenye miaka 14, hakurudi shule muhula huu. Hulala shambani katika kibanda cha miti, ana debe la kupiga na tochi ambayo betri zake zimechoka. Nimemnunulia mpya. Shule ikifungwa nitakwenda kulala naye huko, zamu yangu iwe kutoka saa saba ya usiku, ili yeye apate kusinzia.