Kazi za Mikono Nyumbani: Chupa Irukayo kwa Maji

Mwezi huu twawaletea kazi ya wazazi na watoto wao, nayo ni kurusha chupa juu kwa nguvu ya maji na upepo. Wazee wengine watasema, "Huu ni mchezo tu." Ni mchezo kweli, lakini ndani yake mna elimu ambayo kuikosa kwaweza kumpotezea mtu shamba zima, kama mtakavyoona.

Twaa chupa ya plastiki ya soda ya lita moja na nusu, isiyo na ufa wala mkunjo. Chupa ya maji ya kunywa haifai, kwa kuwa ni nyembamba. Ya soda imefanywa kustahimili gesi. Chupa ya kioo na kopo la chuma msitumie kamwe. Chonga kizibo kwa mpira wa ndala chakavu, kiingie kinywani mwa chupa kwa kukaza. Pitisha katikati yake sindano ya kujazia mpira wa miguu, uiunge kwa mrija mrefu na pampu ya kusimama, kama zile za mafundi wa baiskeli. Kisha gundisha mabawa matatu ya boksi gumu karibu na kinywa, kwa nafasi zilizo sawa; na kitakoni, ambako ndiko kutakuwa kichwa, weka kibonge kidogo cha udongo laini, ukifunike kwa kitambaa. Chupa husimama kinywa chini, kati ya vijiti vitatu vilivyochomekwa ardhini.

Upepo usukumwapo ndani hubanana juu ya maji. Kizibo kikishindwa, upepo huyasukuma maji chini kwa nguvu, nayo maji huisukuma chupa juu. Sheria hiyo aliiandika Isaac Newton mwaka 1687. Kwa sheria iyo hiyo roketi iitwayo Scout iliruka tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikachukua chombo cha kuchunguza nyota kilichopewa jina la Kiswahili, Uhuru, kwa kuwa Kenya siku hiyo ilitimiza miaka saba ya uhuru wake.

Sasa, maji yawe kiasi gani? Maji ni mazito kuliko hewa ya kawaida mara 800 hivi, ndiyo sababu kuyatupa chini huipa chupa msukumo mkubwa. Lakini yakizidi, hupunguza nafasi ya upepo na kuwa mzigo. Msibishane, pimeni. Jaribuni mililita 300, kisha 375, kisha 500, kisha 750, kila kiasi mara tatu. Jumla haifiki lita 6, yaani chini ya theluthi ya ndoo kubwa. Hata mama aliyechota mbali hatanung'unika. Kizibo kitiwe alama, kiingie kina kile kile kila mara, na mabawa yasiguswe. Ukibadili mambo mawili pamoja, hutajua ni lipi lililosaidia.

Kupima kimo ni rahisi. Kunja karatasi ya mraba pembe kwa pembe. Mtoto asimame mita 20 kutoka kwenye chupa, ashike karatasi ukingo wake mmoja ukiwa sawa na ardhi, atazame kwa kufuata mkunjo. Chupa ikifika kileleni juu ya mstari huo, imepita mita 20. Ikiwa chini yake, haijafika. Yote yaandikwe daftarini.

Chupa ikiyumba angani, ifunge kamba mahali inapolingana uzito, uizungushe ikiwa haina maji. Kichwa kikitangulia, ni njema; kisipotangulia, ongeza udongo kidogo kichwani au panua mabawa.

Mtu mzima ndiye apige pampu, na wengine wakae mbali. Asiwepo mtu wa kuinama juu ya chupa yenye upepo, hata ikikawia kuruka, maana jicho halina badala yake. Kizibo kisifungwe kwa waya, kwa kuwa kushindwa kwake ndiko kunakoiokoa chupa isipasuke. Chagueni shamba lililokwisha kuvunwa ufuta, mbali na nyumba, barabara na nyaya za umeme.

Nachingwea inajua bei ya kutopima. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mpango wa karanga, wakikusudia kulima ekari zaidi ya milioni 3 katika nchi hizi. Na Nachingwea ilikuwa mojawapo ya mahali palipochaguliwa. Walileta mashine, wakajenga reli, kabla ya kuijua vema ardhi na mvua yake. Mwaka 1951 mpango uliachwa, na mamilioni ya pauni yamepotea. Haraka haraka haina baraka.

Basi mtoto aliyezoea kubadili jambo moja, kurudia mara tatu na kuandika, siku atakapopewa mbegu mpya hataimwaga shamba zima. Ataipanda tuta moja kando ya mbegu ya zamani, angoje mavuno, apime. Huyo hatawalaza wanawe njaa kwa kuamini maneno ya muuzaji.