Utalii si Land Cruiser

Hivi ni nani aliyetuambia kwamba bila gari hakuna utalii? Nilipoaga kazini kwamba nakwenda Kigoma likizo ya siku tano, wenzangu wa chumba cha habari walikuwa na swali moja tu: utazungukaje bila usafiri? Nimezunguka, tena vizuri, kwa miguu, daladala, bodaboda na boti, kama wenyeji wanavyozunguka.

Hebu fikiri kidogo, ndugu msomaji. Kivutio kinachojulikana zaidi huko ni Gombe, ambako Jane Goodall alianza kuwachunguza sokwemtu mwaka 1960. Watalii huenda kwa boti, na wakishafika hutembea kwa miguu. Mahale, kule kusini, mambo ni hayohayo. Mwenye Land Cruiser yake ataiacha mjini, aje tusubiri naye ufukweni.

Ujiji nao ni mji wa watembea kwa miguu tangu zamani. Burton na Speke walifika mwaka 1858, na mwaka 1871 Stanley akamkuta Livingstone hapohapo. Shuleni tulikaririshwa majina ya Wazungu hao. Wapagazi waliowabebea mizigo hatukuwahi kuulizwa kwenye mtihani. Njia hiyohiyo ndiyo iliyopitisha pembe za ndovu na watumwa hadi pwani, zaidi ya kilomita 1,000. Panda daladala ya Ujiji, shuka, tembea hadi kwenye makumbusho ya Livingstone, kisha teremka ziwani uone mafundi wakiunda boti za mbao. Ukichoka, kaa chini ule mgebuka. Kwenye kioo cha gari ungeona vumbi tu.

Mjini Kigoma kwenyewe, kutoka stesheni ya reli waliyoijenga Wajerumani hadi bandarini ni mwendo mfupi. Bandari hiyo ndiyo nyumbani kwa Liemba, meli iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipandevipande na kuunganishwa Kigoma. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza safari tena. Che Guevara naye, mwaka 1965, alivukia Kigoma kwenda Kongo kwa boti.

Sasa nisijifanye kila kitu ni raha. Pale Kibirizi, zinakoondokea boti za abiria za kuelekea kaskazini, nilipanda boti ambayo majaketi yake ya kujiokolea yalikuwa machache kuliko watu. Nilipouliza, nikajibiwa: "Ziwa limetulia, kaka." Mtalii anayekodi boti yake kwa dola huvishwa jaketi kabla hajakaa. Mama anayerudi kijijini na kiroba chake cha unga hukalia kirobani na kumwachia Mungu. Ziwa ni moja, kina chake kinafika karibu mita 1,470, halichagui nani alilipa kwa dola.

Tusijidanganye na maji yaliyotulia. MV Nyerere ilipinduka Ziwa Victoria mwaka 2018 ikiwa imekaribia kabisa gati la Ukara, ikiwa imebeba watu kupita uwezo wake. Walikufa zaidi ya 200.

Ndiyo maana naona tunaposema "tuitangaze Kigoma" tunaanzia mwisho. Tuanze na jaketi kwa kila abiria, ratiba iliyobandikwa ufukweni na nauli iliyoandikwa wazi. Hayo yatamsaidia kijana wa Dar mwenye mkoba mgongoni, na yatamsaidia zaidi yule mama, ambaye kwake boti si matembezi bali ndiyo barabara.

Wewe nenda tu. Kiingilio cha hifadhini kwa raia hulipwa kwa shilingi, tena ni nafuu kuliko cha mgeni. Beba viatu vya kutembelea, na kabla hujakaa kwenye boti, uliza jaketi. Tukiuliza wengi, jibu la "ziwa limetulia" litaisha.